Nuru ya Uso: Kutoka Studio za Pwani Hadi Vyumba vya Mbagala

Ashukaye kwa Barabara ya Kilwa kutoka katikati ya jiji la Dar es Salaam, akapita Mtoni na Mtongani, akafika Zakhem na kisha Rangi Tatu, huwa ameingia Mbagala, mji ndani ya mji, ambao wazee wanaukumbuka ukiwa mashamba ya mikorosho na minazi, na ambao leo umejaa nyumba za matofali ya saruji zilizobanana hata bati la huyu hukaribia kugusa ukuta wa yule. Wengi wa wakazi wake asili yao ni Rufiji, Kilwa, Lindi na Mtwara. Walikuja na ngoma zao, hadithi zao na ulimi wao mwepesi wa masihara, na kwa hiyo si ajabu kwamba miongoni mwa vijana wao wamo wengi wenye mapenzi ya uigizaji. Kwa vijana hao imezuka katika miaka ya karibuni desturi ambayo wazazi wao hawakuijua: badala ya kugombea daladala alfajiri kwenda kupanga foleni ya usaili Kinondoni au Mikocheni, mwigizaji hupelekewa maneno yake kwa simu, akajirekodi chumbani mwake, akaituma picha hiyo kwa njia ile ile, na wasaili wasiopata kumwona ana kwa ana wakamhukumu kwa kile wakionacho. Na wakionacho kwanza, kabla ya sauti na kabla ya kipaji, ni nuru iliyouangukia uso wake.

Nuru hiyo ndiyo kusudi la maneno haya. Aghalabu husemwa kwamba kujirekodi vema ni jambo la mwenye fedha, anayeweza kwenda Kariakoo akanunua taa ya duara na kigoda chake cha miguu mitatu. Historia ya pwani yetu inashuhudia vingine. Fani ya kuutia uso nuru mbele ya kamera ina nasaba ndefu katika nchi hizi, mabwana wake wa kwanza waliifanya bila ya umeme, na mtu wa Mbagala mwenye dirisha moja na shuka moja jeupe ni mrithi wao halali.

Asili ya mbali ya kamera ni chumba cha giza. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyefariki Kairo yapata mwaka 1040, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba taa kadhaa zikipangwa mbele ya tundu la chumba chenye giza, nuru ya kila taa huonekana mahali pake ukutani, na taa moja ikifunikwa hutoweka ile nuru yake tu, nyingine zikabaki kama zilivyokuwa. Nimemtaja mtu huyu kwa sababu kanuni aliyoiona ndiyo inayomtawala hata leo mwigizaji aliyesimama mbele ya simu yake: kila taa iliyomo chumbani hufanya kazi yake peke yake juu ya uso, njema au mbaya, na haiwezi kujificha nyuma ya mwenziwe. Asiyejua kila nuru imetoka wapi hawezi kujua kivuli kilichomharibia picha kimetoka wapi.

Sanaa ya picha ilipotia nanga Unguja katika nusu ya pili ya karne ya 19, walioishika na kudumu nayo walikuwa hasa Wagoa, kama vile A. C. Gomes na mwanawe, na kina Coutinho, ambao picha zao za masultani, mawaziri, wafanyabiashara na wanawake waliovaa visutu na mapambo zimo hata sasa katika makumbusho ya dunia. Jumba la Ajabu la Sayyid Barghash, lililojengwa mwaka 1883, lilipata taa za umeme mapema kuliko nyumba nyingi za Afrika Mashariki, lakini taa za siku zile zilikuwa dhaifu kwa kazi ya picha, na bwana wa studio hakuwa na budi kulifuga jua. Alilifuga kwa njia ambazo ni nyepesi kuzieleza na ngumu kuzitenda: nuru iliingizwa kwa kioo au dirisha kubwa la upande mmoja, ikapitishwa katika pazia la kitambaa cheupe ili ukali wake uvunjike, na upande wa pili wa mteja ukasimamishwa ubao au kitambaa cheupe cha kumrudishia shavu lake la kivulini sehemu ya mwanga. Mteja alitakiwa atulie tuli, kwani kioo cha kamera kilichukua muda kunywa nuru. Nyuso zile zilizotazama mbele kwa makini hata leo zina uhai, macho yakiwa na nukta ndogo ya mwanga, na mtu anayezitazama hawezi kusema kwamba ngozi nyeusi ni vigumu kupigwa picha.

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, nayo ikapita mikononi mwa mwanawe. Na mwaka 1942 ikafunguliwa Parekh Studio mjini Mombasa, ambako taa za umeme zilitumiwa kwa ustadi mkubwa, nuru ikitoka pembeni na kivuli kikilazwa shavuni kwa mtindo wa sinema za India na Marekani, hata karani wa bandarini aliyeingia kwa saa moja akatoka na sura ya mchezaji wa filamu. Ninaitaja studio hiyo kwa heshima maalumu. Pale ndipo watu wa kawaida wa pwani walipojifunza, pasipo kuambiwa, kwamba uso wa mtu hubadilika kwa kule inakotoka nuru, na kwamba mtu mmoja anaweza kuwa mpole kwa taa hii na jabari kwa taa ile. Na hiyo ndiyo elimu ya mwigizaji hasa.

Hata hivyo, jua la kwetu lina tabia yake, na vitabu vya wageni havikuitungia sheria. Katika Ulaya wachoraji na wapiga picha walipenda dirisha la kaskazini, kwa kuwa jua la huko halikai upande huo, na nuru iingiayo ni ile ya mbingu, laini na isiyogeukageuka. Marekani nako, Edison alipojenga banda lake la sinema katika New Jersey mwaka 1893, aliliweka juu ya reli ya mviringo ili lizungushwe lote likilifuata jua, na paa lake lilifunguka kuipokea nuru. Dar es Salaam iko karibu ya nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua lake hupita utosini mara mbili kila mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu ya tarehe 10 Oktoba. Tokea Machi hadi Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na katika Juni hufika takriban nyuzi 60 tu kutoka upeo wa macho. Tokea Oktoba hadi Machi huhamia upande wa kusini. Basi hapa hapana dirisha moja lililo bora mwaka mzima. Dirisha la kusini ni tulivu wakati wa kipupwe, na dirisha la kaskazini ni tulivu wakati wa Desemba na Januari. Nahodha yeyote wa jahazi angeliona haraka jambo ambalo mimi liliniduwaza nilipoliona: Juni ndio wakati wa kusi, upepo utokao kusini, na Desemba ndio wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini. Kwa hiyo, takriban mwaka mzima, dirisha linaloingiza upepo ndilo dirisha linaloingiza nuru laini, na mama aliyeweka kitanda cha mtoto karibu na dirisha la upepo alikwisha kuichagua studio pasipo kujua.

Nuru ya usiku ina historia nyingine, na humo mna dhulma. Umeme wa umma ulianza Dar es Salaam mwaka 1908 chini ya Wadachi, ukahudumia karakana za reli na mitaa waliyokaa wakubwa wa serikali. Mwaka 1931 Waingereza wakaukabidhi kwa kampuni mbili za watu binafsi, TANESCO na DARESCO, na serikali ya nchi huru ikanunua hisa zao mwaka 1964 kisha ikazimiliki zote mwaka 1975. Katika miaka hiyo yote nyaya zilifuata fedha, na viunga vya watu maskini vilingoja. Huko taa ilikuwa kibatari cha mafuta ya taa chenye moshi, au chemli kwa mwenye nafasi. Na palipokuwa na harusi, ngoma au mchezo, ilikodiwa karabai, ambayo mlio wake na weupe wake ulitosha kukusanya mtaa mzima. Karabai hiyo ndiyo iliyokuwa taa ya jukwaa ya mswahili wa kawaida. Iliwekwa chini au ikatundikwa kwenye mti, na kwa kuwa ilikuwa moja, mchezaji alijifunza mwenyewe kusogea ndani ya nuru yake anaposema na kurudi kivulini anaponyamaza.

Sinema ilipokuja kutengenezwa nchini, ilikuja pamoja na dola. Katika Vugiri, milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, Meja Notcutt na Bwana Latham waliongoza majaribio ya filamu za elimu kwa Waafrika. Na mwaka 1952 ilitoka Muhogo Mchungu, iliyotengenezwa na kampuni ya Afrika Kusini kwa ajili ya serikali ya Tanganyika, ambayo mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, yule yule ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Filamu za zama zile zilikuwa na kiu kubwa ya mwangaza, kwa hiyo mchana wa nje ulipendwa kuliko ndani ya nyumba. Walakini palikuwa na kasoro iliyozidi upungufu wa taa. Kwa miongo mingi filamu za rangi za Kodak zilisawazishwa kwa kadi zenye picha za wanawake wa kizungu, rangi ya ngozi yao ikafanywa ndiyo mizani ya ngozi zote, na uso mweusi ukaachwa uzame gizani, meno na macho peke yake yakionekana. Malalamiko ya watengenezaji wa samani na chokoleti, ambao bidhaa zao za hudhurungi hazikutoka vema katika matangazo, yalisaidia kuleta marekebisho mapema kuliko malalamiko ya watu wenyewe, na jambo hilo ni la kuhuzunisha. Jean-Luc Godard, alipoalikwa Msumbiji mwaka 1978, anakumbukwa kwa kuikataa filamu ya Kodak kwa sababu hiyo. Kwa hiyo kijana yeyote anayedhani kwamba uso wake una kosa kwa kuwa picha yake imetoka nyeusi, na afahamu kwamba kosa lilitiwa ndani ya chombo na watu wasiomfikiria.

Televisheni za Bara zilipoanza mwaka 1994, na kundi la Kaole likapata wakati wake katika ITV, uigizaji uliingia sebuleni mwa watu. Kutoka Kaole akatoka Steven Kanumba, ambaye kifo chake cha Aprili 2012 kililiza jiji zima. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 ilifungua mlango wa zile kanda ambazo umma uliziita Bongo Movie, zilizopigwa kwa siku chache katika nyumba za kuazima, aghalabu kwa taa iliyofungwa juu ya kamera kama zile za video za harusi. Taa ya namna hiyo huupiga uso bapa, ikang'arisha paji na pua, ikafuta mashavu, na nyuma ya mchezaji ikatupa kivuli cheusi ukutani. Sizitaji kanda hizo kwa kuzidharau. Watu wa Mbagala walizitazama katika vibanda umiza, wakiwa wamebanana juu ya mabenchi, wakalia na kucheka, na mapenzi hayo ndiyo yaliyolisha biashara. Ila ninasema kwamba elimu ya nuru iliyokuwa katika studio za Unguja na Mombasa haikurithiwa na kamera za video, na pengo hilo limechukua miaka kuzibwa, hata tukafikia Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, ambamo nyuso nyeusi zimepewa nuru na kivuli kwa kipimo cha mtu anayezipenda.

Janga la mwaka 2020 lilipofunga milango ya dunia, usaili wa ana kwa ana ulikatika, na desturi ya kujirekodi, ambayo hapo awali ilikuwa ya walio mbali, ikawa ya wote. Katika Marekani jambo hilo likafika hata kuwa mojawapo ya yale yaliyozozaniwa katika mgomo wa waigizaji wa mwaka 2023. Kwetu limekuja bila ya mgomo wala mkataba, kwa ujumbe mfupi tu wa simu.

Basi na tuingie ndani ya chumba chenyewe. Ni chumba cha kupanga, chenye dirisha moja la nondo na wavu wa mbu, globu moja imening'inia katikati ya dari, ukuta umepakwa kijani hadi kifuani na cheupe juu yake. Mwigizaji asiyeelekezwa husimama katikati, chini ya globu, na globu humfanyia kama afanyavyo jua la adhuhuri: hutia kivuli machoni na chini ya pua, na macho, ambayo ndiyo mali yake yote, yakapotea. Tiba yake haigharimu kitu. Globu izimwe. Mwigizaji alielekee dirisha kwa mshazari, umbali wa hatua moja au mbili, shavu moja likiwa karibu na nuru kuliko jingine, na simu ikae kando ya dirisha, usawa wa macho yake, juu ya rafu au debe lililopinduliwa. Jua likiwa linapiga moja kwa moja, dirisha lifunikwe shuka jeupe jepesi. Na shuka la pili litundikwe kwenye kamba upande wa kivulini, urefu wa mkono kutoka shavuni, limrudishie mwanga. Kanga haifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa rangi zake huhamia usoni, kadhalika ukuta wa kijani ulio karibu mno na shavu. Sinia la bati hung'aa zaidi ya shuka, lakini mng'ao wake ni wa madoa, na ngozi nyeusi, ambayo uzuri wake katika picha hutokana na nuru pana inayotambaa juu yake, hulifichua kila doa.

Yako mambo mawili ambayo simu hutenda bila ya idhini. La kwanza, hupima wastani wa kila ikionacho, na ukuta ukiwa mweupe sana huuona mwanga mwingi ikautia uso giza. Kwa hiyo nyuma ya mwigizaji pawekwe kitambaa cha kijivu au buluu iliyofifia, naye aguse sura yake kwenye kioo cha simu na kushikilia mpaka kipimo kifunge. La pili, taa nyingi za bei nafuu hupepesa kwa kufuata mapigo 50 ya umeme wetu kwa sekunde, jicho lisione, lakini picha ikatoka na michirizi inayopanda na kushuka; simu inayoruhusu kasi ya picha 25 kwa sekunde hulipunguza tatizo hilo. Fauka ya hayo, nuru ya dirisha ina ubuluu na nuru ya globu ya zamani ina umanjano, na uso uliopata zote mbili huonekana kama una maradhi. Taa ya duara, ambayo vijana huitamani mno, si adui. Lakini ikiwekwa mbele kabisa hurudia kosa lile la taa ya harusi, na huacha pete nyeupe ndani ya mboni. Aliye nayo na aisogeze pembeni, aifunike kitambaa cheupe, na akumbuke kwamba taa ndogo ikisogezwa kutoka mita 1 hadi mita 2 hubakiza robo tu ya nguvu yake.

Wakati nao una hukumu. Saa mbili hadi saa nne asubuhi, na tena kuanzia saa tisa alasiri, ndizo saa za nuru ya kuaminika Mbagala. Masika ikinyesha juu ya bati hapana sauti itakayosikika, hata nuru ikiwa njema namna gani. Usiku ni wa mwenye umeme, na Watanzania hawajasahau mgao wa mwaka 2006 na ule wa 2011, wala sauti ya kipima cha LUKU kinapodai. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kutoa umeme mwaka 2024, likijengwa kufikia megawati 2,115, na hali imekuwa nafuu. Lakini nyaya za mtaa zina siku zake, na mwigizaji aliyetegemea taa peke yake yuko hatarini siku ile ile aliyoitwa.

Kwa asiye na dirisha la kufaa, zipo Rangi Tatu na kando ya Barabara ya Kilwa studio ndogo za picha za paspoti, zenye ukuta mtupu, taa mbili na pazia, ambazo ni wajukuu wa kina Gomes na Oza kwa kazi ingawa si kwa damu. Mwenye studio akiombwa kwa adabu saa za asubuhi, kabla wateja hawajaanza, hupunguza bei, na ujuzi wake wa kuweka taa kwa nyuzi 45 umeiva zamani. Vikundi vya sanaa vya mtaani vingepatana naye kwa mwezi, gharama ingekuwa ndogo kwa kila mtu, na kijana angejifunza kwa fundi aliye jirani yake.

Lililobaki liko mikononi mwa waitishao usaili. Maneno ya kuigiza yanayotumwa saa tatu usiku na kutakiwa yarudishwe kabla ya asubuhi huwachagua wenye taa na kuwaacha wenye kipaji, na hasara hiyo huiangukia filamu yenyewe. Nawaomba watengenezaji wa tamthilia na filamu wa Dar es Salaam wampe kila mwigizaji siku mbili zenye mchana kamili kabla ya kupokea picha yake, na waandike bayana katika tangazo lao kwamba picha iliyopigwa kwa nuru ya dirisha itapokewa sawa na iliyopigwa kwa taa.